Jinsi ya Kutoka Katika Mahusiano ya Kipigo Ukiwa Bado Kijana, na Kuyajenga Maisha Upya

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kijana anayeishi Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe au popote katika Nyanda za Juu Kusini, ambaye anapigwa, anatishwa, anafungiwa ndani au analazimishwa na mtu aliyemwambia kwamba anampenda. Nimewafikiria zaidi mabinti wa miaka 16 hadi 25, kwa sababu hao ndio wanaobeba mzigo huu peke yao mara nyingi zaidi: binti ametoka Makete au Ileje kuja mjini kusoma au kutafuta kazi, amepata mchumba mwenye chumba chake karibu na Mwanjelwa, wameanza maisha ya sogea tukae, yaani kuishi pamoja bila kufunga ndoa, na kabla mwaka haujaisha hana tena simu yake, hana akiba yake, wala hana rafiki anayeweza kumbishia hodi usiku. Kijana wa kiume anayefanyiwa ukatili na mwenzi wake naye ana haki zilezile na atapokelewa katika ofisi zilezile, na asione haya kwenda.

Jambo ninaloomba lishikwe tangu mwanzo ni kwamba ukatili wa aina hii haudumu kwa nguvu za ngumi peke yake. Hudumu kwa sababu anayeutenda huwa amekwisha kushika, kimoja baada ya kingine, vitu vyote ambavyo mtu huvihitaji ili aweze kuondoka: mawasiliano, fedha, vyeti, ndugu, na imani ya binti kwamba akisema atasikilizwa. Kutoka, basi, ni kazi ya kuvirudisha vitu hivyo mikononi mwako, vingine kabla hujaondoka na vingine baadaye, na ndiyo maana utasoma hapa habari nyingi za laini za simu, vyeti na akiba.

Kuitambua hatari ilivyo

Utafiti wa Demografia na Afya nchini Tanzania wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 40 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15. Wingi huo ndio unaowafanya watu waseme kwamba mambo haya ni ya kawaida, na binti akaishia kupima kipigo chake kwa kukilinganisha na cha jirani. Jipime kwa maswali mengine. Je, unaogopa kumwambia hapana? Je, anakagua simu yako na kukuuliza habari za kila namba? Je, umebadilisha mavazi, njia na marafiki ili asikasirike? Je, ujira wako unaishia mkononi mwake, au anakulazimisha kulala naye, au anakuzuia kutumia uzazi wa mpango? Ukijibu ndiyo kwa maswali kadhaa, uko ndani ya ukatili hata kama hajakuachia jeraha.

Zipo dalili zinazoonyesha kwamba maisha yenyewe yako hatarini, nazo ni hizi: amewahi kukukaba koo, amewahi kukutishia kwa panga, kisu au silaha nyingine, amekupiga ukiwa mjamzito, amesema atakuua au atajiua ukimwacha, au anakuvizia kazini na chuoni. Kukabwa koo ndiko kunakodharauliwa kuliko yote kwa kuwa mara nyingi hakuachi alama shingoni, ilhali madhara katika koo na katika mishipa ya damu iendayo kichwani yanaweza kujitokeza saa au siku kadhaa baadaye. Aliyekabwa ni lazima aonwe na daktari, hata kama anajihisi mzima. Elewa pia kwamba hatari huongezeka katika siku zile mwanamume anapogundua kuwa unataka kumwacha, na siku za mwanzo baada ya kuondoka. Kwa sababu hiyo usimtangazie mpango wako, usimtishie kwa kuondoka katikati ya ugomvi, na usimwambie mtu ambaye huna hakika naye, hata akiwa rafiki mnayesali naye kanisa moja.

Kujiandaa kimyakimya

Anza na vyeti. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, kitambulisho cha Taifa au namba yake, kadi ya kliniki ya mtoto na kadi ya bima, kama unayo, ndivyo vitu ambavyo mwanamume wa namna hii huvificha au huvichoma anapohisi kwamba unamponyoka. Usiviondoe vyote siku moja, kwa sababu pengo katika begi huonekana. Toa kimoja kimoja, peleka kwa mtu unayemwamini, na vile usivyoweza kuvitoa vipige picha kwa simu ya mtu huyo, isiwe simu ambayo mwenzako huifungua. Vikipotea, visikufanye ubaki: cheti cha kuzaliwa hupatikana tena kupitia ofisi za RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi, zilizopo katika kila wilaya, na namba ya utambulisho wa Taifa haifutiki kwa sababu kadi imechanwa.

Kisha simu. Mabinti wengi wanatumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mwanamume, na siku wakiondoka hupoteza namba pamoja na fedha zilizomo, kwa kuwa mwenye usajili ndiye anayeweza kuirudisha laini ile. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya utambulisho. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwenye duka la mtandao huo ikafutwe. Laini yako mpya isajili kwa alama zako mwenyewe, na isikae ndani ya nyumba hiyo. Siku ukiiweka kwenye simu, badilisha namba ya siri ya fedha na nywila za mitandao yako yote, ondoka kwenye kifaa chochote chake ulichowahi kufungulia akaunti zako, na zima kipengele kinachoonyesha mahali ulipo.

Akiba ya kuondokea haihitaji kuwa kubwa, bali inahitaji kuwa mahali asipofika. Nauli ya wewe na mtoto, chakula cha juma moja na pesa kidogo ya dawa vinatosha kuanzia. Ukiwa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa cha VICOBA ambacho mwenzako hakifahamu, hisa zako ziko salama kuliko zikiwa chini ya godoro. Vinginevyo mkabidhi mama mdogo, shangazi au mwajiri mwenye busara. Ninashauri kwa dhati usikope ili uondoke, na hasa usikope kwa wale wa mikopo ya kausha damu, yaani ya riba kubwa, ambao watakufuata na kukutangaza wakati unapohitaji kutulia.

Mwisho chagua mtu mmoja, na ikiwezekana wawili. Kubalianeni neno la kawaida ambalo ukilituma kwa ujumbe, mathalani kuulizia bei ya viazi, yeye ajue kwamba umo hatarini na awaite polisi kwa 112, au afike na watu. Jirani wa ukuta mmoja anafaa kuliko ndugu aliye Tunduma. Ugomvi ukizuka kabla ya siku uliyoipanga, jiepushe na jiko na chumba chenye mlango mmoja, kaa karibu na njia ya kutokea, na piga kelele za kuita watu.

Siku ya kuondoka

Ondoka mchana, wakati hayupo na unajua atarudi saa ngapi. Kama ana marafiki wanaofanya kazi kwenye stendi kuu, usiende kupandia hapo. Mabasi yanayotoka Mbeya kwenda Makambako na Iringa hupita Uyole, mahali ambapo barabara ya Tukuyu na Kyela inakutana na barabara kuu, na aliye Iringa mjini anaweza kupandia Ipogolo, chini ya mlima, bila kuonekana katikati ya mji. Usimwambie bodaboda wa kijiwe cha mtaani kwako unakokwenda. Ukielekea Njombe, Makete au Mufindi kati ya Juni na Agosti, beba nguo nzito za mtoto na blanketi, kwa maana baridi ya huko si ya kujaribia, na mtoto akiugua juma la kwanza, kishawishi cha kurudi huwa kikubwa. Vyombo, godoro na televisheni viache. Vinaweza kudaiwa baadaye.

Usiende mahali pa kwanza atakapopafikiria. Nyumbani kwa wazazi ni pazuri ikiwa wapo watu wazima watakaosimama mlangoni, lakini kama baba amekwisha kusema kwamba hataki kusikia habari za ng'ombe wa mahari kurudishwa, ni afadhali kuanzia kwa shangazi, kwa mwalimu wako wa zamani au kwa mtumishi wa kanisa anayejulikana kwa kutunza siri. Pasipokuwa na pa kwenda kabisa, mwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, nao wataangalia pa kukuhifadhi.

Hospitali, polisi na sheria

Ukiumizwa, mwili kwanza. Utaratibu wa kawaida ni kupitia polisi upewe fomu ya PF3 ambayo daktari ataijaza, lakini mwenye jeraha kubwa, aliyezimia au anayetoka damu apelekwe hospitali moja kwa moja, na ndugu aifuate fomu. Ukibakwa, usioge wala usifue nguo. Zihifadhi kwenye karatasi au kitambaa badala ya mfuko wa plastiki. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU ni lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufaa ndani ya siku tano, vikifanya kazi vizuri zaidi vikimezwa mapema. Uliza kama hospitali ina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambamo daktari, polisi na ustawi wa jamii hukuhudumia mahali pamoja, usilazimike kukirudia kisa chako ofisi baada ya ofisi.

Polisini omba kuonana na Dawati la Jinsia na Watoto. Askari wa kaunta akikwambia mkayamalize nyumbani, mwambie kwa heshima kwamba unataka malalamiko yaandikwe na upewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi, kisha uiandike namba hiyo mahali pawili pamoja na tarehe. Jambo ambalo mabinti wengi hawaambiwi ni kwamba mtuhumiwa anaweza kupewa dhamana siku hiyohiyo au kesho yake. Kwa hiyo usiripoti asubuhi halafu urudi kulala kwenye chumba kilekile jioni. Hakikisha mahali pa kulala pamepatikana kabla hujaingia kituoni, na anayekupokea ajue kwamba umeripoti.

Sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake kwa kumwadhibu, hata kama mila inaruhusu. Kifungu cha 160 cha sheria hiyohiyo kinawahusu wale wa sogea tukae: mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kuwa mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana isipokuwa ithibitishwe vinginevyo, na hata ikithibitishwa hivyo, mwanamke bado anaweza kuiomba mahakama matunzo yake na ya watoto. Tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, kazi za nyumbani huhesabiwa kuwa mchango katika mali ya wanandoa. Usikubali kuambiwa kwamba hukuchangia kitu kwa sababu ulikuwa unapika na kulea.

Kama hujatimiza miaka 18, wewe ni mtoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na namba 116 ni ya kukusikiliza bila malipo. Aliyempa mimba au kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30 kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016. Na kama anatishia kusambaza picha zako za faragha, piga picha vitisho hivyo kabla hajavifuta na uvipeleke polisi, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusika. Wasaidizi wa kisheria wa wilaya, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, husaidia bila malipo kuandika maombi na kukueleza mahakama ya kwenda.

Kikao cha wazee

Hapa ndipo mabinti wengi waliokwisha kutoka hurudishwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Siku chache baada ya kuondoka, kaka zake, mjomba na labda mzee wa kanisa watakuja kwenu, wataketi, watasema maneno mazuri, watatoa kitu cha kuomba radhi, na wataomba mke wao arudishwe. Wazee wetu huku Unyakyusani, Uheheni na Ubenani wana hekima nyingi ya kupatanisha ugomvi wa mashamba na urithi, nami ninaiheshimu. Lakini kupigwa kwa binti ni kosa la jinai, na kikao kinacholimaliza kwa mbuzi na soda kinamfundisha mpigaji bei ya kipigo.

Huna wajibu wa kuhudhuria kikao hicho. Mwombe shangazi au baba mdogo anayekuamini azungumze kwa niaba yako, awe na maneno machache yaliyokubaliwa: binti hatarudi, mazungumzo ya mtoto yatafanyika ofisi ya ustawi wa jamii, na habari ya mahari itazungumzwa na wazee wenyewe. Mama anayesema vumilia, hata mimi nilivumilia, mara nyingi anasema hivyo kwa hofu na kwa upendo. Mjibu kwa upole, shikamoo yako ibaki palepale, lakini uamuzi wako usibadilike. Ukilazimika kukutana na mwanamume huyo, iwe mchana, mbele ya watu, na usikubali kusogea naye pembeni kwa dakika moja.

Elimu, kazi na fedha yako

Umaskini humrudisha binti kwa mpigaji haraka kuliko mapenzi, na kwa hiyo riziki ipangwe mapema. Kama uliacha shule kwa mimba, tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi katika mfumo rasmi wa elimu. Mwone mkuu wa shule au afisa elimu wa halmashauri. Aliyekwisha kupitwa na umri anaweza kusoma kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Wanaotaka ufundi waangalie vyuo vya ufundi stadi vya VETA vya Mbeya na Iringa, au Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kama kile cha Ilula na cha Njombe. Ushonaji, upishi, umeme wa majumbani na kilimo vyote vina soko huku kwetu, na ningependa kuona mabinti wengi zaidi wakichagua umeme na uselemala, kwa kuwa mji wa Mafinga unaishi kwa mbao na mafundi wanatafutwa.

Vibarua vya chai Mufindi na Rungwe, kuchambua parachichi Njombe, nyanya za Ilula na viazi vya Uporoto hukupa fedha ya wiki za mwanzo. Jihadhari na dalali atakayekuahidi kazi za ndani Dar es Salaam. Mabinti wa Iringa na Njombe wamekuwa wakichukuliwa kwa njia hiyo kwa miaka mingi, na mtu aliyetoka kwenye mateso juma lililopita ndiye mwepesi wa kukubali nyumba ambamo hatashika simu wala mshahara wake. Ukiamua kwenda, ndugu awe na anwani na namba ya mwajiri kabla hujapanda basi.

Ukisimama kidogo, jiunge na kikundi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye atakayewaeleza masharti ya usajili. Mkopo huo ni wa biashara. Usiuchukue kulipia kodi ya chumba. Matunzo ya mtoto nayo yaombwe mahakamani mapema, kwa kupitia ustawi wa jamii, na yalipwe kwa njia inayoacha kumbukumbu, ili asije akayatumia kama sababu ya kuja mlangoni kwako kila mwisho wa mwezi.

Moyo baada ya kutoka

Utamkumbuka. Utaota ndoto mbaya, utashtuka pikipiki ikipita, utakosa usingizi au utalala mchana kutwa, na siku nyingine utaona kama wewe ndiye uliyemharibia maisha. Hizi ni athari zinazojulikana za mwili uliozoea kuwa macho kwa hofu, nazo kwa wengi hupungua polepole kadiri usalama unavyodumu. Kula kwa saa maalumu, kufanya kazi za mikono, kuimba kwaya na kulala chumba kimoja na ndugu husaidia kuliko kukaa peke yako. Zikidumu kwa zaidi ya mwezi, au zikikuzuia kumhudumia mtoto, mwone daktari katika hospitali ya wilaya na umweleze chanzo, kwa sababu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, hutibika. Mawazo ya kujidhuru yakija, usisubiri asubuhi. Mwamshe mtu aliye karibu nawe muda huohuo na mwende hospitali.

Wewe unayempokea binti kama huyu nyumbani kwako, usimuulize kwa nini alikaa muda mrefu. Mpe ufunguo wake, mwache ashike simu yake na mshahara wake hata kama unadhani atavitumia vibaya, na akimrudia yule mwanamume, usimfungie mlango. Wengi huondoka zaidi ya mara moja kabla ya kuondoka moja kwa moja, na aliyefungiwa mlango hana pa kurudi usiku atakapokabwa tena.

Kuhusu mahusiano mapya, hakuna muda uliopangwa wa kusubiri. Mchumba mpya mkatalie jambo dogo mapema, kama vile kumwonyesha ujumbe kwenye simu yako au kuacha kwenda kwenye kikundi chako siku ya hisa, kisha uangalie anavyolipokea. Endelea kuweka akiba yenye jina lako peke yako, na mkifikia kupanga nyumba pamoja, hakikisha mwenye nyumba ameandika majina yenu wote wawili kwenye mkataba.